Ulikuwa na Nani Huko Hifadhini?

Machi 4

Masika yameanza leo, na wageni hawakusubiri yakatike. Nimerudi kutoka karakana nimelowa chapachapa, nikakuta sebule imejaa: walimu wawili, jirani wa nyuma na mkewe, na wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, ambaye anauza mapazia na huja kwetu kila siku kana kwamba anahofia tutayaanua yale aliyotuuzia. Mume wangu ni mwalimu mkuu msaidizi wa sekondari. Mdomo wake haujui likizo.

"Mama watoto, njoo uwasikie hawa wanavyodanganya!"

Nimekaa kwenye mkono wa kochi, maana makochi yalikuwa na wenyewe. Watoto wetu wawili walipoondoka kwenda kujitegemea nilidhani nyumba itapumua. Mume wangu akaona pengo, akaliziba kwa watu. Jumapili naondoka kikazi, na nimeshaanza kufurahi. Hili siwezi kumwambia mtu.

Machi 8

Hospitali ya wilaya. Mashine ya eksirei imelala wiki nzima, wagonjwa wanapelekwa mbali kwa magari ya mizigo. Panya wamekula nyaya. Mganga mfawidhi alinitazama, akatazama nyuma yangu, akauliza fundi yuko wapi. Nikamwambia fundi ndiye mimi.

"Ah, karibu mama. Nilidhani umemsindikiza."

Tangu nianze kazi hii sijamsindikiza mtu.

Machi 10

Nyaya mpya zimefika. Mvua, mvua, mvua.

Machi 12, Jumamosi

Kazi iliisha jana mchana. Njia ya kurudi nyumbani ina tawi moja la kushoto, na tawi hilo linaishia kwenye lango la hifadhi. Nimelala kwenye banda la wageni, na alfajiri nimeingia na gari langu, peke yangu.

Niandike ukweli, maana hapa hakuna wa kunikatiza. Sikufanya chochote. Niliegesha juu ya kilima, nikazima gari, nikashusha kioo. Mbele yangu kongoni mmoja alikuwa amesimama juu ya kichuguu, kama askari aliyesahauliwa lindoni. Nilikula mkate na mayai ya kuchemsha. Simu haikushika mtandao. Kuanzia asubuhi hadi jua la utosi hakuna aliyeniuliza nafikiria nini, na kwa mara ya kwanza tangu mwaka uanze nilifikiria kitu mpaka mwisho.

Kwa nini sisemi nyumbani? Nilisema, miaka mitatu iliyopita, mara ya kwanza nilipopita huku. Mume wangu alifurahi mpaka akasimama. "Tutaenda wote! Nitakodi basi, tuwachukue na walimu, dada atapika!" Nikaliona basi hilo, na spika zake, na wifi na masufuria yake, na yule kongoni akitimua mbio hadi nchi ya pili. Nikamwambia barabara ni mbaya. Tangu siku hiyo, kila kazi ikiisha mapema, nyumbani nasema imechelewa.

Machi 13

Nimefika. "Pole kwa kazi," amesema mume wangu, na amenipokea begi. Yeye ni mtu mwema. Hilo ndilo linalonichosha.

Machi 23

Karakana. Wageni watano.

Aprili 2, Jumamosi

Safari hii ilikuwa hospitali ya misheni, mashine ya kuchemshia vyombo vya upasuaji, mpira wa mlango umeoza na mvuke unatoka kama treni. Nimemaliza Alhamisi. Jana na leo ni hifadhi ya mtoni.

Gari lilizama kwenye tope jeusi asubuhi. Nilivua viatu, nikachimba kwa jembe fupi, nikakata matawi makavu nikayasukumia chini ya magurudumu. Nilikuwa katikati ya kazi hiyo, matope hadi magotini, tembo wakatokea upande wa mto na watoto wao. Nikaingia garini polepole nikafunga mlango bila kuubamiza. Wakapita. Mmoja alisimama, akanitazama, akaona sina maana, akaendelea. Nilicheka mwenyewe kwa sauti, mwanamke mzima, matope mpaka kwenye nyusi. Sikumbuki mara ya mwisho kucheka nyumbani bila mtu kunichekesha.

Wakati wa kutoka nilisimama kwenye hoteli ya watalii iliyo karibu na lango, nikanunua chai nikanawa miguu.

Aprili 8

Chai hiyo imenitokea puani. Dereva wa lori anayemletea wifi vitambaa aliliona gari langu pale hotelini. Leo wifi amekuja bila hata kujifanya amefuata mapazia.

"Wifi, siku hizi hospitali zimehamia hoteli za porini?"

"Nilikunywa chai."

"Chai. Haya." Akakunja mikono. "Lisemwalo lipo, wifi. Kama halipo, laja."

Aprili 9

Mume wangu ameniuliza. Ameuliza kwa sauti ya chini, jambo ambalo sijalisikia tangu baba yake alipofariki. Nikamweleza yote: kilima, mto, tope, tembo, miaka mitatu.

"Na nani?"

"Peke yangu."

"Peke yako kufanya nini?"

"Kukaa."

Alicheka. Kisha akangoja nicheke na mimi.

"Mama watoto, kukaa kunahitaji kusafiri? Kiti si hiki hapa?"

Nikakitazama kiti. Juu yake kulikuwa na koti la mgeni aliyelisahau juzi.

Aprili 16

Mume wangu hakaribishi tena watu. Jioni nzima nasikia saa ya ukutani na mvua kwenye bati. Utulivu nilioutamani umekuja nyumbani, na umekuja kama polisi.

Aprili 24, Jumapili

Leo nimekalishwa kikao.

Mwenyekiti alikuwa shemeji mkubwa, kaka wa mume wangu, karani mstaafu wa mahakama. Amestaafu yeye, mahakama haijamtoka. Alikuja na miwani miwili. Kulikuwa na wifi, kulikuwa na mume wangu aliyekaa akitazama vidole vyake, na upande wangu shangazi, dada wa marehemu baba, ambaye amesafiri asubuhi yote kwenye mvua ili ukoo wetu usionekane hauna mtu.

"Shemeji," alianza mwenyekiti, "hapa hatujaja kukuhukumu."

Ndipo nikajua nimeshahukumiwa.

Nilieleza tena. Nikatoa simu nikawaonyesha picha: kongoni, mto, tembo, gari limezama hadi kwenye ngazi zake. Nilidhani nimeleta ushahidi. Shemeji alivaa miwani ya pili.

"Nani alipiga picha hizi?"

"Mimi."

"Mbona wewe huonekani?"

"Kwa sababu ndiye ninayepiga, shemeji."

"Kwa hiyo asiyeonekana pichani anaweza kuwa alikuwepo."

"Anaweza."

"Nashukuru." Akavua miwani. "Basi huyo mwingine naye haonekani."

Nilimtazama mume wangu nikitegemea atacheka, maana kwa mzaha kama huo angeweza kumwita hata mpita njia aje asikie. Hakucheka. Machozi yalikuwa yanamlenga.

"Mke wangu," akasema, "mimi sijakufukuza. Nataka tu nijue. Mwanamke mwenye nyumba, mume, ndugu, anakwenda porini na mvua hii, analala bandani, peke yake, kwa kupenda? Nani atakubali? Wewe mwenyewe ungekubali?"

Nikasema, "Ndiyo." Wote wakaguna, hata shangazi.

Baada ya hapo tulizunguka kama ng'ombe wa kinu. Walisema kweli itajulikana, nikasema ndiyo hiyo. Wifi akasema mficha uchi hazai. Shemeji akasema tukishindwa leo, kikao kitaahirishwa kipanuliwe, waitwe na wajomba. Mume wangu akasema kama siwezi kumwambia ukweli, basi haoni tunaishije. Alisema hivyo polepole, kwa mara ya kwanza katika ndoa yetu, na niliona kwamba hanitishi tu, anamaanisha. Shangazi akaomba maji ya kunywa, akanivuta jikoni.

"Mwanangu," akasema, na bomba akalifungulia ili lipige kelele, "hawa watu wamekuja na dawa ya ugonjwa mmoja. Wewe unawaonyesha ugonjwa mwingine."

"Shangazi, mimi sikuwa na mtu."

"Najua. Wewe tangu mdogo ulikuwa unajificha nyuma ya pipa la maji, tukidhani umepotea, kumbe umekaa tu. Sasa sikiliza. Mwanamke akiwa na mtu, njia yake inajulikana. Anaulizwa, anakiri, anaomba radhi, anasamehewa, watu wanakunywa chai wanakwenda makwao. Anayemwacha mume wake akakae na nyani, huyo anasamehewa vipi? Watamwita mwendawazimu. Au kibaya zaidi."

"Unataka niseme uongo?"

"Nataka ubaki na ndoa. Sema alikuwepo, umemwacha. Kama hakuwepo, kumwacha kutakusumbua nini?"

Mume wangu sitaki kumpoteza. Niliusikia moyo wangu ukisema hivyo pale kwenye sinki, na nilishangaa, maana muda wote nilidhani ninachokitetea ni kile kilima. Nikapiga moyo konde nikarudi sebuleni.

Nikasema alikuwepo.

Sijawahi kuona watu wakitulia vile kwa habari mbaya. Wifi alishusha pumzi. Shemeji alifuta miwani yote miwili. Mume wangu alijifunika uso akalia, na kulia kwake kulikuwa na nafuu ndani yake, kama mtu aliyetolewa mwiba. "Ni nani?" akauliza. Nikasema mpima ardhi, mtu wa kupita, ameshahamishwa mbali, nimeachana naye. Nikaomba radhi. Shemeji akatamka kwamba mkosaji amekiri, asisafiri tena peke yake, na neno hili lisitoke nje. Mume wangu akanishika mkono mbele ya wote akasema amenisamehe.

Kisha wakanywa chai, wakaenda makwao.

Aprili 25

Nyumba imejaa tena.

Mei 3

Nimemwomba bosi anibakize karakana. Ameniuliza kama naumwa. Mwenzangu amepewa hospitali za nje, ameshanipigia mara tatu kuuliza waya gani unakwenda wapi. Kutoka kwenye benchi langu naona ukuta, na kwenye ukuta kuna kalenda ya kampuni ya matairi, picha ya simba. Nimeigeuza.

Mei 11

Nilidhani nimemaliza na mpima ardhi. Kumbe ndiyo kwanza ameingia. Mume wangu anamuulizia tukila, anamuulizia akipiga mswaki.

"Alikuwa mrefu?"

"Wa kawaida."

"Kunizidi?"

"Hapana."

"Msomi?"

"Wa kawaida, baba watoto."

Leo ameuliza lingine, mgongo amenigeuzia, akijifanya anatafuta soksi. "Alikuwa anaongea sana?"

Nilipaswa kusema ndiyo. Nimesema, "Hapana. Alikuwa mtu wa kimya."

Akatikisa kichwa taratibu. "Mimi naongea sana."

Jioni, walimu walipokuja, alikaa amefunga mdomo, mikono juu ya magoti, anatabasamu kwa adabu. Wenzake wakamuuliza kama jino linamuuma. Alivumilia hadi taarifa ya habari, waziri mmoja akasema jambo la kijinga, naye akalipuka. Mara akakumbuka, akanitazama, akanyamaza katikati ya sentensi. Nilitamani ardhi inimeze. Nimemletea mtu mwema mshindani ambaye hawezi kumshinda, na nimemfinyanga kwa mikono yangu mwenyewe. Namwonea huruma, na bado nikimsikia anakohoa chumba cha pili natamani kuwa kilimani. Vyote viwili ni kweli, na kimoja hakipunguzi kingine.

Mei 14

Ameacha kusimulia vichekesho. Nilikuwa sijui kwamba nilikuwa navisikiliza.

Mei 19

Wifi amekuja mchana nikiwa peke yangu, nimeomba ruhusa kwa ajili ya mafua. Akaketi, akashika pindo la pazia, akaliachia.

"Wifi, hakukuwa na mtu, siyo?"

Nilitafuta leso.

"Mimi nilijua siku ile ile ulipotoa picha. Mwanamke aliye na mwanaume hapigi picha tope."

Hasira ilinipanda hadi mafua yakafunguka. "Sasa kwa nini ulinichoma? Kwa nini uliita watu?"

"Kwa sababu mume wangu aliponifia akaniachia watoto wanne, tangu siku hiyo sijaoga hata mara moja bila mtu kugonga mlango. Niliposikia wewe uko huko umekaa, huna wa kukugongea, roho iliniuma." Akasimama, akajifunga mtandio. "Ingekuwa mwanaume ningekutetea. Wanaume ni mambo ya kawaida."

Akaondoka bila kuaga. Miaka yote hii nimemwona kama mwiba, kumbe katika ukoo mzima ndiye pekee aliyenielewa, na kwa kunielewa ndiyo maana akanimaliza.

Mei 26

Mvua inapungua. Mume wangu amekuja na shauri, na amelitoa kama zawadi. Jumamosi tuende hifadhini, yeye na mimi tu, bila basi, bila walimu. "Nataka nikae pale alipokaa yule mtu. Nikishakaa mimi, yeye atakuwa amefutika. Halafu tuanze upya."

Nilitafuta sababu ya kukataa. Barabara sasa ni nzuri.

Mei 28, Jumamosi

Naandika mezani kwenye banda la wageni, yeye yuko nje, amesimama tu.

Njiani alikuwa na furaha. Alijitahidi kunyamaza, nikamwambia aongee, akashukuru, akaongea hadi langoni. Tulipofika, mama wa tiketi alitoa kichwa dirishani, akapiga makofi.

"Mama! Jamani, leo umepata mwenzio!" Akawaita askari wawili waliokuwa ndani. "Njooni mwone, yule mama amekuja na mtu!"

Mume wangu alicheka. Akiona watu wanacheka, yeye hucheka.

"Baba, mkeo ametupa ugomvi hapa," akaendelea yule mama. "Huyu anasema ni mjane, huyu anasema ni mtawa aliyetoroka. Mimi nasema ana mume, ila mume ndiye hapendi wanyama."

"Huwa haji na mtu?" mume wangu akauliza. Alikuwa bado anatabasamu.

"Mtu? Tangu miaka ile! Hata askari wa kumwonyesha njia tukimpa anamkataa. Anakwenda pale kilimani, anazima gari, basi. Tunamtazama kwa darubini tukidhani amekufa."

Tulikatiwa tiketi, tukaingia. Niliendesha hadi kilimani kwa sababu sikujua pengine pa kwenda. Nikazima gari. Nyasi zilikuwa ndefu na zimeoshwa, pundamilia walikuwa mbali upande wa kulia, na upepo ulikuwa wa baridi. Palikuwa pazuri kuliko siku zote.

"Hakukuwa na mtu," akasema.

"Nilikwambia."

"Shangazi yako ndiye aliyekupa lile neno?"

"Ndiyo. Nililisema nisikupoteze."

Akakaa kimya muda mrefu. Ndicho kimya nilichokuwa nikikifuata huku miaka yote, na sikuweza kukivumilia. Nilianza kuongea mimi. Nikamwambia simchukii, hajanikosea, si yeye, ni kelele, ni watu, ni kuitwa kila dakika. Nikaongea kama yeye anavyoongea.

"Yule mtu nilishamsamehe," akanikatiza. "Nilijua ana nini ambacho mimi sina. Nilikuwa najifunza. Nilikuwa nanyamaza, umeona nilivyokuwa nanyamaza?"

"Nimeona."

"Kumbe hukuwa unakwenda kwa mtu. Ulikuwa unaondoka kwangu tu."

Nilitaka kusema sivyo. Nikatafuta namna ya kulisema ambayo haitakuwa uongo wa pili, nikaikosa. Akafungua mlango akashuka, katikati ya hifadhi, mahali ambapo pameandikwa wazi kwamba ni marufuku kushuka. Nilimwita mara nyingi kabla hajarudi.

Mei 29

Tumerudi. Redio iliongea njia nzima.

Juni 2

Anakula shuleni. Amehamia chumba cha watoto, anasema ana karatasi za kusahihisha. Mvua imekatika.

Juni 5, Jumapili

Shemeji mkubwa amekuja kufuatilia, kama asemavyo, utekelezaji. Nilikuwa namimina chai. Nilijua mume wangu ana neno moja tu la kusema, na akilisema nitaitwa tena, na safari hii na wajomba.

"Vipi yule bwana?" shemeji akauliza. "Hajajitokeza?"

Mume wangu alipokea kikombe. Alinitazama mara moja, kama unavyomtazama mtu mliyenusurika naye kwenye ajali moja.

"Alipiga simu," akasema. "Nilimpokea mimi. Nikampa vidonge vyake, akaomba radhi mwenyewe. Hatarudi."

"Safi," akasema shemeji. "Ndiyo mwanaume huyo."

"Ni mtu mrefu mrefu hivi," mume wangu akaongeza, na sauti yake ya zamani ikamrudia kidogo. "Msomi. Lakini mimi nilimwambia, bwana wee, mke wangu ana kwao."

Nikaelewa. Mke aliyekuwa na mwanaume, hiyo ni aibu ya watu wote. Mke aliyechagua kutokuwa na mtu badala ya kuwa na wewe, hiyo huwezi kumsimulia hata kaka yako. Sasa tunamtunza wawili yule mpima ardhi, tunampa urefu, tunampa elimu. Katika ndoa yetu hatujawahi kukubaliana jambo haraka hivyo.

Nilipomsindikiza shemeji na kurudi, mume wangu alikuwa anakusanya vikombe.

"Bosi wako alipiga," akasema. "Mwenzako ameunguza mashine hospitali ya wilaya. Wanakutaka wewe. Nimemwambia utakwenda."

"Na kile walichosema kikaoni? Nisisafiri peke yangu?"

"Nani atakufuata?" Akaweka vikombe kwenye sinki, taratibu, bila kuvigonganisha. "Nenda tu. Ukitaka pitia na huko kwako."

Begi langu liko tayari, vifaa nimevipanga, gari lina mafuta. Naondoka alfajiri. Hakuniuliza narudi lini.